Albert Lubaki: Fundi wa pembe aliyefika Ulaya kwa rangi za maji

WAFANYABIASHARA wanaovuka Ziwa Mweru kutoka Nchelenge kwenda Kilwa na Pweto wanazijua njia za Katanga kuliko wachora ramani. Wanajua lori linajaa lini, kizuizi kiko wapi, na gunia la chisense linapandia wapi bei. Lakini ukiwauliza habari za Albert Lubaki, wengi watakuuliza huyo ana duka mtaa gani.

Hana duka. Amekwishafariki zamani, na siku zake za kujulikana zilikuwa karibu miaka 100 iliyopita, katika mji wa Bukama, Katanga. Ni miongoni mwa Wakongo wa kwanza kuchora kwa rangi za maji juu ya karatasi na kazi zao zikatundikwa Brussels, Geneva na Paris. Leo jina lake limo katika vitabu vya sanaa vya Ulaya, huku nchini kwake likitajwa kwa nadra.

Nimeamua kuandika maisha yake kwa sababu ya kazi ninayoifanya mimi na watu wengine hapa ziwani. Kila mwaka, kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Katika miezi hiyo mikono mingi hukaa bure, na kipindi hicho hicho ndicho cha Krismasi na Mwaka Mpya. Ndipo wengine tunapokata karatasi ya manila, tunapiga muhuri wa ua uliochongwa kwenye soli ya kandambili, tunalitia rangi za maji na kuuza kadi za salamu. Mtu anayeishi kwa brashi ya rangi za maji kando ya Mweru ana haki ya kumjua aliyemtangulia.

Kutoka pembe hadi ukuta

Lubaki alizaliwa karibu mwaka 1895. Asili yake inatajwa kuwa upande wa Kongo ya Chini, magharibi kabisa mwa nchi, mbali sana na Katanga. Kabla ya kuchora alikuwa fundi wa pembe za ndovu. Kazi hiyo humfunza mtu mambo mawili: subira, na kuchora mstari mmoja usiorudiwa, kwa sababu pembe ikikatwa vibaya haiungiki.

Namna fundi wa magharibi alivyoweza kuishia Bukama si jambo la kushangaza kwa msomaji wa mpakani. Bukama ilikuwa mji wa kupita na kuhamisha mizigo. Reli kutoka Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilifika hapo mwaka 1918. Mzigo ulishushwa kwenye mabehewa ukapakiwa kwenye meli za Mto Lualaba kuelekea Kongolo. Mwaka 1928 reli nyingine ikafunguliwa kutoka Bukama hadi Port-Francqui, yaani Ilebo, huko Kasai.

Mji wa namna hiyo huvuta makarani, mafundi, wapagazi, wapishi na wachuuzi wa kila kabila, nao huelewana kwa Kiswahili kwa sababu hakuna lugha nyingine inayowatosha wote. Wanaoijua Kashikishi siku ya soko watauelewa mji huo bila kuonyeshwa picha.

Tena hatuko mbali na Bukama kama tunavyodhani. Maji ya ziwa letu hutoka kwa Mto Luvua pale Pweto, yakashuka hadi Ankoro, na hapo yakaungana na Lualaba uliokwishapita Bukama. Maji tunayochovyea brashi Nchelenge na maji aliyochovyea Lubaki hukutana njiani.

Mwaka 1926 ofisa mmoja wa serikali ya Kongo ya Kibelgiji, Georges Thiry, alikuwa kazini Bukama. Akavutiwa na nyumba za udongo ambazo kuta zake zilichorwa wanyama na watu. Kuchora kuta lilikuwa jambo la kawaida katika vijiji vingi vya Kongo. Watu walitumia walichokuwa nacho: udongo mweupe, udongo mwekundu, mkaa. Wabelgiji wengi walipita bila kutazama. Thiry alisimama, akamtafuta mchoraji, naye akawa Lubaki.

Thiry aliona hatari moja ambayo kila mwenye nyumba ya udongo anaijua. Mvua ikinyesha, picha inashuka na ukuta. Akampa Lubaki karatasi na rangi za maji ili achore yale yale juu ya kitu kinachoweza kukunjwa, kusafirishwa na kuhifadhiwa. Uamuzi huo mdogo ndio uliotuachia Lubaki. Kuta za Bukama za wakati ule zimerudi kuwa udongo, lakini karatasi zipo.

Alivyotumia rangi

Lubaki alichora aliyoyaona na aliyoyasikia: ndege, chui, tembo, mamba, miti, wawindaji, watu wakitembea, na hadithi za wanyama zinazosimuliwa jioni. Mara nyingi hakujaza karatasi. Aliweka mnyama mmoja au watu wachache, akaacha nafasi kubwa nyeupe ikae kimya. Kazi zake nyingi zina mstari wa rangi uliozunguka pembeni kama fremu.

Rangi yake ni nyepesi na bapa. Hakupaka rangi juu ya rangi hadi karatasi ikachafuka. Aliiweka mara moja, akaiacha. Hapo ndipo sisi wa kadi tunapaswa kujifunza kwake, kwa maana kosa linalorudiwa zaidi sokoni ni kuchezea rangi mpaka ua linakuwa tope.

Msomaji ataniwia radhi nikitoka kidogo katika maisha yake na kuingia katika ufundi, kwani bila ufundi huo jina lake halieleweki.

Kwanza ni wino wa muhuri. Wino wa kawaida wa pedi ya ofisini huyeyuka ukiguswa na maji, na petali nyekundu huwa kijivu papo hapo. Piga muhuri kwenye kipande cha karatasi, uache ukauke, kisha pitisha kidole kilicholowa. Ukiona umetambaa, wino huo haufai.

Pili ni karatasi. Karatasi ya daftari hujikunja kama jani la tumbaku. Manila hustahimili, nayo ni bora ukiibandika kwa utepe kwenye ubao pande zote nne mpaka ikauke.

Tatu ni maji yenyewe. Lowesha petali kwa maji safi hadi ing'ae, kisha gusa rangi kwenye shina la petali kwa ncha ya brashi. Rangi itatembea yenyewe kuelekea ukingoni, ikiwa nzito chini na nyepesi juu, kama ua lilivyo kweli. Usiifukuze kwa brashi. Ikizidi, kausha brashi kwa kitambaa na uinyonye.

Nne, usipake petali mbili zilizogusana zikiwa mbichi, zitaingiliana. Ruka moja, zungukia ua lote, kisha urudi. Anza na rangi nyepesi kwenda nzito: njano kabla ya nyekundu, nyekundu kabla ya zambarau. Kijani cha jani kitokee kwa kuchanganya njano na buluu, na tone dogo la nyekundu likitulize.

Tano, rangi ikianza kukauka usiiongezee maji. Itafanya doa lenye kingo zilizojikunja kama kabichi, na doa hilo haliondoki. Masika ya hapa ziwani yana unyevu mwingi, hivyo kadi iliyokauka kwa dakika chache mwezi Agosti huweza kukaa mbichi muda mrefu mwezi Januari. Subiri. Ukiipeleka kwenye moto itakunjamana.

Mwisho, nyeupe ya rangi za maji ni karatasi yenyewe. Palipo na mwanga pasiguswe. Lubaki aliliheshimu jambo hili katika picha zake, na ndiyo maana zinapumua hadi leo.

Mke aliyeshika brashi

Haitakuwa haki kumtaja Albert bila mkewe, Antoinette Lubaki. Naye alichora kwa rangi za maji katika miaka hiyo hiyo. Anatajwa kuwa binti wa chifu, na anahesabiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Kongo ambao michoro yao juu ya karatasi imehifadhiwa.

Katika nyumba hiyo, basi, palikuwa na brashi mbili. Hata hivyo, sifa nyingi zilimwendea mume. Wanawake wa Kashikishi wanaokaa usiku wakitia rangi kadi ambazo mchana zitauzwa kwa jina la mtu mwingine wanalijua jambo hili bila kufafanuliwa.

Karatasi zavuka bahari

Thiry alizituma kazi hizo Brussels kwa Gaston-Denys Périer, mtumishi wa Wizara ya Makoloni aliyekuwa mpenzi wa sanaa za Kongo. Wakati huo Wazungu waliosifu sanaa ya Afrika walikuwa na vinyago na nyuso za mti katika fikra zao. Mwafrika anayechora kwenye karatasi, kwa rangi za dukani, hakuwamo katika hesabu zao. Périer alitaka kuwaonyesha kwamba Kongo ina wachoraji walio hai, wenye majina.

Mwaka 1929 michoro ya Lubaki ikaonyeshwa katika Jumba la Sanaa la Brussels. Mwaka 1930 ikaonyeshwa Geneva, katika Jumba la Makumbusho la Ethnografia. Mwaka 1931 ikaonyeshwa Paris katika jumba la Charles-Auguste Girard. Mwaka huo huo Paris ilikuwa imejaa watu waliokuja kwenye Maonyesho makubwa ya Makoloni, na kila kitu kutoka Afrika kilikuwa gumzo.

Hakuwa peke yake. Huko Kasai, Thiry alikutana na mchoraji mwingine, Tshyela Ntendu, anayejulikana zaidi kwa jina la Djilatendo. Huyo alikuwa fundi cherehani, na michoro yake ina mistari na miraba iliyopangwa kama kitambaa. Mwaka 1931 michoro ya Djilatendo ilipamba kitabu cha hadithi kilichotoka kwa jina la Badibanga. Fundi wa pembe na fundi cherehani, wote wawili wakaingia katika historia ya uchoraji bila kusoma chuo cha uchoraji.

Wakati watu wa Brussels na Paris wakizitazama karatasi hizo na kuandika magazetini, Lubaki alikuwa Kongo. Bei, maelezo na maneno ya kusifu au kubeza yalipangwa mbali naye. Kati yake na mnunuzi walisimama watu wawili, mmoja ofisini Brussels na mwingine akihamishwa kutoka wilaya moja hadi nyingine. Njia ikiwa nyembamba kiasi hicho, mtu mmoja akiondoka, biashara nzima inakatika.

Ikakatika kweli. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliipiga Katanga vibaya kwa sababu bei ya shaba iliporomoka na migodi ikapunguza wafanyakazi. Huko Ulaya nako hamu ya mambo mapya ikahamia kwingine. Ndani ya miaka ya 1930 mawasiliano na Lubaki yakafifia, kisha yakaisha. Katika orodha za majumba ya makumbusho, pale panapoandikwa mwaka wa kufa, mbele ya jina lake na la mkewe pana nafasi tupu au alama ya kuuliza.

Ndugu msomaji, lifikirie hilo kwa utulivu. Karatasi alizochora zina namba, zina sanduku, zina chumba chenye hewa inayopimwa. Aliyezichora hana kaburi linalojulikana. Picha zake nyingi hazina hata jina. Zimeandikwa tu kuwa hazina kichwa, na kwamba ni za karibu mwaka 1929.

Waliofuata

Katanga haikuacha kuchora. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji Elisabethville iliyojulikana kama Hangar. Humo walitoka Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Pilipili alipenda ndege, samaki na majani, na aliishi hadi mwaka 2007. Bela alipaka kwa vidole vyake badala ya brashi. Wengi wanaowataja hao kama mwanzo wa uchoraji wa Katanga husahau kwamba miaka 20 kabla yao Bukama ilikwishaanza.

Kumbukumbu ya Lubaki ilifufuka polepole. Mwaka 2015 Wakfu wa Cartier mjini Paris uliandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo yaliyosimamiwa na André Magnin. Hesabu ya maonyesho hayo ilianzia mwaka 1926 na kuishia 2015. Mwaka 1926 haukuchaguliwa kwa bahati. Ndio mwaka wa Bukama. Ina maana kwamba waandaaji waliihesabu sanaa ya kisasa ya Kongo kuanzia kwa Lubaki.

Mwaka 2022 ikawa zamu ya Antoinette. Kazi zake zilionyeshwa Venice, Italia, katika maonyesho ya kimataifa ambayo wachoraji wa dunia nzima huota kualikwa. Safari hii jina lililoandikwa ukutani lilikuwa lake mwenyewe.

Tunachobaki nacho

Wapo watakaosema kwamba Thiry alimtumia Lubaki, na wapo watakaosema kwamba bila Thiry tusingekuwa na Lubaki. Nionavyo mimi, yote mawili yana ukweli. Aliyempa karatasi alimfanyia wema, nao mfumo wa kikoloni aliouwakilisha haukumpa Lubaki nafasi ya kuufuata mzigo wake hadi sokoni. Mfanyabiashara yeyote wa mpakani anajua kwamba mzigo usioufuata hauna bei yako.

Watu waliopita Nchelenge na vitongoji vyake wanafahamu pia maana ya kupotea katika orodha. Kambi za Kala na Mwange, zilizowahifadhi ndugu zetu kutoka Katanga, zilifungwa mwaka 2010. Makazi ya Mantapala yalifunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya waliokimbia tena, na mwishoni mwa 2021 UNHCR ikaanza kuwarudisha kwa hiari waliotaka kwenda Pweto. Kila safari mtu huulizwa karatasi: jina, mwaka wa kuzaliwa, kijiji. Asiye na karatasi huanza upya.

Wanaorejea hubeba magodoro, sufuria, baiskeli na mbegu. Wapo pia wanaobeba ufundi walioupata huku: kushona, kusuka, kutia rangi. Ufundi haulipiwi ushuru mpakani, wala hauzami boti ikiyumba. Ila nao unahitaji karatasi yake.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa kadi, wa Nchelenge na wa ng'ambo, wafanye mambo matatu. Kadi ikikauka, igeuzeni nyuma muandike jina lenu kamili, si la mwenye meza sokoni. Andikeni mwaka na mahali. Kisha muwe na daftari dogo linaloonyesha kadi ngapi zimetoka, zimekwenda kwa nani na kwa bei gani, iwe kwacha au faranga. Kama mume na mke wanafanya kazi pamoja, majina yawe mawili.

Kalamu moja inatosha kwa kazi hiyo. Lubaki alikuwa na mkono mzuri kuliko wetu sote, na picha zake zikafika mbali kuliko kadi zetu zitakavyofika. Kilichokosekana ni hesabu iliyobaki mikononi mwake. Wahenga walikwishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa fundi huyu wa Bukama, karibu apotee yeye mwenyewe pamoja na mali yake.